Siku Ile Haikuwa Zamu Yake

Wasifu wa marehemu uliletwa nyumbani ukiwa umeshachapwa na kuwekwa ndani ya jalada la bluu lenye nembo ya hospitali. Kilichobaki, alisema Ofisa Uhusiano huku akikipangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia, ni mtu wa familia kuusoma mbele ya wageni siku ya Jumamosi. "Kwa utulivu," aliongeza. "Na kama inawezekana, msomaji awe binti. Sauti ya binti inawagusa watu."

Binti mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa mbele ya cherehani yake karibu na dirisha, mguu mmoja bado uko kwenye pedali. Alikiona kile kiti kikipanguswa. Kiti hicho mama yake alikipangusa kila asubuhi ya maisha yake, na sasa yuko kaburini wiki ya tatu, kijana wa watu anakuja kukipangusa upya.

"Usome tuusikie," alisema.

Ofisa akajikohoza, akasoma. "Marehemu alikuwa mke mwaminifu, mama mlezi, na mtumishi wa kujitolea katika hospitali yetu kwa miaka kumi na tisa. Wagonjwa walimwita Mama Kijiko, kwa kuwa aliwalisha kwa mkono wake wote wasioweza kujilisha. Alikuwa na tabasamu wakati wote. Hakuwahi kulalamika. Mauti yalimkuta akiwa kazini, katika utumishi alioupenda kuliko nafsi yake."

Mzee, mume wa marehemu, akatikisa kichwa kukubali. Mdogo wake Fundi akatikisa chake pia, tena kwa nguvu zaidi. Huyo walimwita Dereva kwa sababu ya leseni tu; gari hakuwa nalo, wala hakuwa na wa kumpa. Lakini katika jalada lile lile la bluu, nyuma ya wasifu, kulikuwa na barua ya kumwita kwenye usaili wa udereva wa gari la wagonjwa, na Ofisa alikuwa ameshaitaja mara mbili tangu aingie.

"Huo mstari wa mwisho uutoe," alisema Fundi.

"Samahani?"

"Wa mauti kumkuta kazini. Uutoe. Mama hakuja kwenu siku ile kufanya kazi. Alikuja kutibiwa."

Ofisa akatabasamu kama mtu aliyezoea kusamehe wafiwa. "Nani amekwambia hivyo, dada?"

Aliyemwambia alikuwa mfagizi wa hospitali, mama mtu mzima aliyekuja juzi kupanuliwa sare kiunoni. Alivua sare, akakaa na khanga pale pale kwenye mkeka akisubiri, na maneno yakamtoka yenyewe. Siku ile alikuwa akipiga deki korido ya wagonjwa wa nje, akamkuta Mama Kijiko amekaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa, ana kadi ya foleni mkononi. Namba thelathini na nane. Mfagizi akamtania, leo vipi mama, umehamia kwetu? Akajibiwa kwa sauti ndogo kwamba kifua kimembana tangu alfajiri, na mkono huu wa kushoto hauna raha. Mara akapita Sista Mkuu, akamwona, akafurahi kweli kweli. Akamwinua. Namba thelathini na nane iliitwa mara mbili na haikuitika, kwa sababu mwenyewe alikuwa wodini anamlisha mtu wa kitanda cha tisa. Baadaye akatumwa stoo kukunja shuka. Huko ndiko walikomkuta saa saba mchana, ameketi juu ya furushi, kichwa kimeegemea rafu.

Haya yote Fundi aliyasema tena mbele ya Ofisa, kwa kifupi, bila kulia. Mzee alikunja gazeti lake mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka likawa dogo la kutia mfukoni.

"Mfagizi," alisema Ofisa.

"Ndiyo. Macho yake yanaona."

"Dada, nakuelewa. Lakini wasifu umeshapita kwa Mganga Mkuu. Jumamosi tuna wafadhili. Tunazindua Mpango wa Akina Mama wa Kujitolea, na picha ya mama yenu ndiyo itakayokuwa kwenye bango. Tunatafuta akina mama mia moja kama yeye."

"Mia moja," alirudia Fundi. "Stoo yenu ya shuka ina nafasi ya wote hao?"

"Wewe!" Mzee alifoka. "Huyu ni mgeni."

Mgeni akaacha jalada mezani, akashikana mikono na wanaume wawili, na Fundi akampungia kwa mbali kana kwamba mgeni ndiye mwenye vumbi.

*

Mlango ulipofungwa tu, Dereva akamgeukia dada yake.

"Unataka nimwage unga kabla hata sijaupika? Usaili ni Jumatatu! Jumamosi wewe unasimama unawatukana, Jumatatu mimi naingia pale nikiwa na sura gani?"

"Na sura yako hiyo hiyo. Walikupa barua kwa sababu ya mama."

"Basi mama ndiye aliyenipa! Unaona? Kanipa kitu, wewe unataka kukitupa."

"Sijamtukana mtu. Nataka waseme kilichotokea."

"Watasema ili iwe nini? Atafufuka?"

Hilo la kufufuka Fundi alikuwa ameshajiuliza mwenyewe, tena mara nyingi, huku anashona vishikizo, na kila mara jibu lilikuwa kwamba hasira yake haikuhitaji kufufua mtu. Ilihitaji tu ukweli uandikwe mahali.

Mzee alikuwa amesimama kabatini, amewapa kisogo. Humo ndani kulikuwa na vizibo saba vya soda vimepangwa mstari, kila kimoja na vidonge vyake vya shinikizo la damu, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Mkewe ndiye aliyekuwa akivijaza kila wiki. Tangu azikwe, Mzee alikuwa akivichanganya, leo anameza vya keshokutwa, kesho hana. Alichukua kimoja, akakichungulia, akakirudisha.

"Angekuwa anaumwa angesema," alisema bila kugeuka. "Mke wangu namjua. Angesema. Hakusema."

"Alimwambia mfagizi."

"Mfagizi, mfagizi! Marehemu mwacheni apumzike."

"Sasa hivi anapumzika, baba. Humu ndani alipumzika lini?"

Mzee alifunga kabati. Alikuwa mtu mpole, karani mstaafu ambaye hakuwahi kumpiga mke wala mtoto, na mtaani walimsifu kwa hilo kana kwamba ni cheo. Alivuta kiti, akakaa mezani, akangoja. Ilikuwa saa sita na nusu, saa ya chakula. Alipoona hakuna anayeinuka, Fundi kashika pedali yake na Dereva kashika barua yake, akakumbuka, akainuka mwenyewe kwenda kutafuta sufuria, na kwa muda mrefu walimsikia akifungua na kufunga milango ya kabati la jikoni bila kuzipata.

*

Asubuhi ya Ijumaa Fundi alikwenda hospitali. Kwenye dirisha la mapokezi alikuwepo karani mwenye miwani iliyofungwa uzi, kitabu kikubwa mbele yake, na foleni iliyotoka hadi nje. Fundi akapanga foleni kama wengine. Hakutaka kupitishwa mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma wa pale alikuwa ameshaujua unaelekea wapi.

Zamu yake ilipofika alitaja siku, akataja saa, akamtaja mama yake.

"Huyo sinaye," alisema karani akipitisha kidole ukurasani. "Pole sana, lakini humu hayumo."

"Alichukua kadi. Namba thelathini na nane."

"Kadi ni ya foleni. Kitabu ni cha aliyeingia kwa daktari. Asiyeingia kwa daktari hakuja."

"Ndugu yangu, alikuja, akafia hapa."

"Alifia hapa, ndiyo." Karani alifikiri, akataka kuwa mkweli. "Lakini hakuja."

Mtu mmoja nyuma kwenye foleni alicheka, kisha akajirudi. Fundi aliinama dirishani mpaka paji la uso likagusa kioo. Chini ya ukurasa wa siku ile kulikuwa na mistari mitano mitupu.

"Na hii je?"

"Hii huwa tunaiacha kwa ajili ya dharura. Wanatibiwa kwanza, wanaandikwa baadaye."

"Basi mwandike hapo."

"Huyo hakutibiwa."

"Ndiyo maana nataka umwandike!"

Karani alivua miwani yake, akamtazama kwa macho mekundu ya mtu aliyeandika magonjwa ya watu tangu ujana. "Dada, mimi nilikuwa nakunywa chai yake. Alikuwa ananiletea kwenye chupa, kila Ijumaa. Ningependa. Lakini kitabu hiki kinakaguliwa. Mganga Mkuu akiagiza, naandika hata sasa hivi. Asipoagiza, sina mkono." Kisha akainua sauti: "Anayefuata!"

Wodi ya wanaume ilikuwa ghorofa ya juu. Fundi alizipanda ngazi zile polepole, akizihesabu bila kutaka. Kule juu kulikuwa na vitanda arobaini na wauguzi wawili. Sahani za chakula zilikuwa zimeshawekwa, na pembeni ya vitanda vinne au vitano chakula kilikuwa kimepoa na kushika ngozi, kwa sababu wenye sahani hizo hawakuweza kuinua mikono na aliyekuwa akiwalisha hakuwepo tena. Mzee mmoja aliyevunjika mikono yote miwili alikuwa akiiangalia sahani yake tu. Fundi akapita, akasimama, akarudi. Alimlisha vijiko sita vya wali mkavu kabla Sista Mkuu hajatokea.

Sista Mkuu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa na mikono mizuri. Alimkumbatia Fundi, na Fundi akakaa katika kumbatio lile kama ubao.

"Niambie ilivyokuwa," alisema.

Sista hakujitia hamnazo. Alimvuta hadi dirishani, mbali na vitanda. "Nilimkuta kwenye benchi. Nikamwambia, mama, Mungu amekuleta, leo niko na mtu mmoja tu. Akasema, nimekuja mara moja. Nikamwambia basi tuanze na kitanda cha tisa."

"Hukuona ana kadi?"

"Niliiona. Nikadhani anamshikia mtu foleni. Si alikuwa akifanya hivyo kila siku?"

"Alikuwa amevaa aproni?"

"Hapana. Nilimtolea moja iliyotundikwa msumarini, nikamfunga mwenyewe. Nilimsikia anahema. Nikamtania. Nikamwambia, mama, uzee huo."

"Miaka kumi na tisa," Fundi alisema, na sauti ikaanza kumpanda, "mmekaa na mtu miaka kumi na tisa, mashine za kupimia presha zimewazunguka, mnapima mpaka walevi wa barabarani. Kuna siku hata moja mlimpima yeye?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Nimeshakwambia hapana!" Sista naye akawaka. "Unafikiri nalala? Nakunja shuka sasa hivi, nikifumba macho namwona. Lakini nikuulize na mimi, kwa kuwa umekuja kuuliza. Siku zake zilikuwa Jumatatu na Ijumaa. Miaka kumi na tisa hajabadilisha. Siku ile ilikuwa Jumatano. Sisi tulifurahi kumwona, hatukuuliza. Na nyinyi je? Ametoka kwenu Jumatano asubuhi, kavaa gauni lake zuri, hana kijiko, hana chupa ya chai. Mliuliza anakwenda wapi?"

Kitanda cha tisa kiliita, na Sista akaenda.

Fundi alibaki dirishani. Ng'ambo ya barabara, juu ya kilima, ilionekana shule yenye ukuta wa njano. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni siku ile ya Jumatano, na ni kweli alikuwa na gauni la kutokea, na Fundi hakuinua kichwa kutoka kwenye mshono. Alichosema, bado akikanyaga pedali, kilikuwa: "Kama unapita huko, nipelekee na hizi sare kwa mwalimu." Mama yake akauinua mfuko, akautua. Akasema, "Ni mzito kidogo leo." Na yeye Fundi, binti wa kwanza, mwenye sauti ya kuwagusa watu, akamjibu: "Mama, ni sare kumi na mbili tu."

Saa tatu asubuhi mwalimu alipiga simu kushukuru. Maana yake mama yake aliuvuka mtaa na kifua kimembana, akapanda kilima cha shule, akakabidhi mzigo, akasubiri uhesabiwe, ndipo akashuka kwenda kupanga foleni ya kutibiwa.

Alishuka ngazi akiwa amekasirika kuliko alivyopanda, na sasa hasira ilikuwa imeenea, haikumbakiza mtu.

*

Jumamosi ukumbi wa hospitali ulijaa. Mbele kulikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe kwa ajili ya wafadhili, nyuma mabenchi ya wengine wote. Bango lilikuwa refu kuliko mlango. Picha ya marehemu walikuwa wameipata wapi, Fundi hakujua. Anacheka, kijiko kiko mkononi, na chini yake kumeandikwa kwa herufi kubwa: HAKUWAHI KULALAMIKA. JIUNGE NASI.

Mganga Mkuu alisema kwa dakika ishirini. Alisema kuhusu moyo wa kutoa. Alisema kwamba serikali haiwezi kufanya kila kitu. Alisema hospitali ina upungufu wa wahudumu thelathini, na kwamba mwanamke mmoja mwenye upendo anaweza kuziba pengo la wahudumu watatu. Wafadhili walipiga makofi. Fundi alijaribu kupiga hesabu ya mishahara mitatu kwa miaka kumi na tisa, akaiacha, kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa matusi. Kisha Mzee akaitwa kupokea cheti kwenye fremu, akakipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akapigwa picha.

"Na sasa binti atatusomea wasifu," alisema Ofisa Uhusiano.

Dereva, aliyevaa shati jipya, alimshika mkono alipokuwa akipita. "Dada, tafadhali. Kwa ajili yangu."

"Kaa," alisema Fundi, si kwa ukali.

Alisoma aya ya kwanza jinsi ilivyoandikwa. Alisoma hapo pa mke mwaminifu na mama mlezi, maana hayo yalikuwa kweli. Alisoma hapo pa Mama Kijiko. Alipofika kwenye tabasamu aliilaza karatasi kifudifudi juu ya meza.

"Mama yangu aliwahi kulalamika," alisema. "Alilalamika siku moja, Jumatano, wiki ya nne sasa. Haikuwa zamu yake. Alivaa vizuri, akaja hapa, akachukua kadi, akakaa kwenye benchi kama mgonjwa mwingine yeyote. Kifua kilikuwa kinamuuma. Hilo benchi ndilo lilikuwa lalamiko lake. Mkamtoa."

Ofisa alifanya ishara, na kipaza sauti kikakatika. Haikusaidia kitu. Fundi alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na wateja juu ya kelele za cherehani tangu ana miaka kumi na saba.

"Mlimvua ugonjwa mkamvika aproni. Namba yake ikaitwa yuko anamlisha mtu. Akafa anawakunjia shuka, halafu mmeandika kwamba aliupenda utumishi kuliko nafsi yake. Nani alimuuliza kuhusu nafsi yake? Mimi sikumuuliza. Mimi nilimpa mzigo. Nilimsikia akiuinua na kuutua, nikamwambia si mzito. Kwa hiyo msidhani nimekuja kujisafisha. Tulimzoea. Nyumbani tulimzoea na hapa mkamzoea, na sasa mnatafuta mia moja wa kuwazoea hivyo hivyo!"

Mganga Mkuu alikuwa amesimama pembeni yake, akamwekea mkono begani, akawageukia wafadhili. "Ndugu wageni, mtatuwia radhi. Ni uchungu wa msiba. Tumwelewe."

"Sina uchungu wa msiba," alisema Fundi. "Nina hasira. Nataka aandikwe."

"Aandikwe nini, dada yangu?"

"Mgonjwa. Kwenye kitabu cha mapokezi, siku ile. Mistari mitano iko mitupu, nimeiona kwa macho yangu."

"Hayo ni mambo ya ofisi. Tutakaa, tutazungumza..."

"Thelathini na nane!" Sauti ilitoka nyuma kabisa. Mfagizi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, sare imemkaa vizuri kiunoni. "Namba yake ilikuwa thelathini na nane. Mimi niliishika ile kadi. Mnifukuze kesho, lakini niliishika."

Sista Mkuu, kwenye safu ya wauguzi, akasimama pia. Alisimama tu, mikono nyuma, na kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa, kila mtu alimwona.

Mfadhili mmoja, bibi mwenye mvi aliyekuwa kiti cha mbele, aliuliza kwa utaratibu kabisa kama kitabu chenyewe kiko mbali. Mganga Mkuu akacheka kwa meno tu. Akatazama wafadhili, akatazama bango, na Fundi akamwona akipima lipi litamgharimu zaidi. "Hapana shaka," alisema hatimaye. "Hospitali yetu haina cha kuficha. Karani, lete kitabu."

Karani alikileta amekikumbatia kifuani. Akakifungua juu ya meza ile ile yenye maua, akatafuta ukurasa, akavaa miwani yake. Watu wa nyuma walisimama juu ya mabenchi ili waone. Tarehe aliandika, namba ya kadi akaandika, jina na umri akaviandika bila kuuliza, kwa mwandiko wa kutulia.

"Analalamikia nini?" aliuliza, maana ndivyo safu ilivyoandikwa.

"Kifua," alisema Fundi. "Na mkono wa kushoto."

"Tangu lini?"

Fundi alifungua mdomo. Akamtazama Dereva, na Dereva akatazama viatu vyake. Akamtazama Sista, naye akatikisa kichwa kwamba hajui.

"Tangu asubuhi hiyo," alisema.

"Tangu mwezi wa tatu."

Ilikuwa sauti ya Mzee. Hakuwa ameinuka kitini. Cheti kilikuwa bado kiko mapajani, fremu imemfunika mpaka kifuani.

"Tangu mwezi wa tatu," alirudia, kwa karani na si kwa bintiye. "Miezi mitano. Aliniambia. Alikuwa akipanda ngazi anasimama katikati. Nikamwambia ni uchovu. Akaniambia tena mwezi wa tano, akasema labda nimsindikize apimwe, kwa sababu huku wakimwona peke yake watamtia kazini. Nikamwambia nitamsindikiza wiki ijayo." Alishika fremu kwa mikono yote miwili. "Nikamwambia asiwatie watoto hofu."

Karani alingoja. Alipoona hakuna kinachoongezwa, akaandika: miezi mitano.

Fundi alimtazama baba yake. "Angesema. Hakusema," ndivyo alivyomwambia nyumbani, amempa kisogo. Alikuwa amelijua hilo wakati wa kuzika, amelijua akiwa anatikisa kichwa kwenye wasifu, na alikuwa akimeza vidonge vyake kila siku akiwa analijua.

"Safu ya mwisho," alisema karani kwa sauti ya chini. "Aliyemleta mgonjwa."

Mzee akaweka cheti chini, akasimama kwa kushika kiti cha mbele yake. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na watu wengi pale ukumbini walianza kumhurumia. "Niandike mimi," alisema. "Mumewe. Andika mumewe ndiye aliyemleta."

"Asiandikwe," alisema Fundi.

"Mwanangu..."

"Hukumleta, baba. Mimi sikumleta. Dereva hakumleta." Aliweka kidole kwenye safu ile tupu, akakibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. "Andika alikuja peke yake."

Karani alimtazama Mganga Mkuu, akamtazama Mzee aliyesimama, kisha akaandika: peke yake.